Kaa watano waliokufa na katoni 30 ambazo hazikufunguliwa: uchambuzi wa oda moja ya kaa mfalme Dubai

Hoteli moja ya Dubai iliagiza kaa mfalme mwekundu kwa muuzaji wa jumla wa hapohapo mjini. Oda ilikuwa na mafungu mawili. La kwanza ni kilo 100 za kaa hai kutoka Norwei, kila mmoja kati ya kilo 2.2 na 3.2, kwa euro 60 kwa kilo. La pili ni kilo 300 za klasta zilizopikwa na kugandishwa, katoni 30 za kilo 10, kwa euro 50 kwa kilo. Klasta ni nusu ya kaa bila kiwiliwili: gando moja, miguu mitatu na bega linaloishikilia.

Maboksi yalipofunguliwa, kaa watano walikuwa wamekufa. Siku nzima ikaishia kwa hao watano: simu, picha, lawama kwa dereva, lawama kwa wakala wa forodha. Katoni 30 zilikuwa zimeshaingizwa friza, hakuna aliyezigusa. Hesabu ilipokuja kupigwa, wale watano walikuwa wameila hoteli euro 750. Katoni zilikuwa zimeila euro 4,091.

Kisa ni cha mfano, na namba zimerahisishwa ili mtu aweze kuzifuata kwa kalamu. Makosa yaliyomo ni yale yale yanayojirudia kwenye milango ya kupokelea mizigo. Waswahili walioko jikoni, stoo na ofisi za ununuzi huko Ghuba huyaona, na wengi wao wanamjua kaa koko kuliko huyu wa maji ya baridi.

Tofauti hiyo ina uzito. Kaa koko wa Rufiji au Lamu akifungwa kamba vizuri na kuwekwa mahali penye unyevu na kivuli huvumilia siku kadhaa nje ya maji. Kaa mfalme hana ustahimilivu huo. Ni mnyama wa bahari baridi, na akiwa nje ya maji anategemea matamvua yake, yaani viungo vya kupumulia, yabaki na unyevu na mwili ubaki kwenye nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi. Katika hali hiyo ana takriban siku moja na nusu ya kusafiri kwa usalama. Baada ya hapo kila saa ni kamari.

Huyu wa Norwei si mwenyeji wa huko. Wanasayansi wa Kisovyeti walimhamisha kutoka Bahari ya Pasifiki na kumwachia pwani ya Murmansk katika miaka ya 1960, naye akatambaa kuelekea magharibi hadi Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, ambako uvuvi wa kibiashara ulianza mwaka 2002. Mashariki ya nyuzi 26 za longitudo anavuliwa kwa mgawo maalumu. Magharibi yake uvuvi ni huru, kwa makusudi ya kumzuia asienee zaidi. Kaa hai huteremshwa kwa lori kutoka huko hadi kwenye uwanja mkubwa wa ndege, kama Gardermoen wa Oslo, ndipo arushwe. Kwa hiyo bila kuhesabu forodha ya Dubai, sehemu kubwa ya muda wake imeshaliwa njiani.

Mzigo huu ulikuwa maboksi 10 ya stairofomu, kaa wanne kila boksi, na ulifunguliwa saa 41 baada ya kufungwa Norwei. Kitu cha kwanza cha kuangalia hapo ni mahali walipokufa, kabla hata ya idadi yao. Watatu walikuwa boksi moja, wawili boksi jingine. Maboksi manane yaliyobaki hayakuwa na mfu hata mmoja. Kifo cha uchovu wa safari hakiji hivyo: hutawanyika, mmoja hapa, mmoja pale, na wengi wa waliobaki huwa hoi. Vifo vikikusanyika kwenye boksi moja au mawili, tafuta kilichoyapata maboksi hayo peke yake.

Maboksi yale mawili yalikuwa yamekatwa mkanda kwa ukaguzi uwanjani na hayakufungwa tena, vifuniko vikakaa upande. Kisha lori la muuzaji lilipitia ghala lake kuchukua zile katoni 30, na kwa sababu ya katoni, friji ya lori ikawekwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Maboksi mawili yaliyo wazi yalikuwa mbele kabisa, chini ya feni. Damu ya kaa ina chumvi karibu sawa na ya bahari, kwa hiyo huanza kuganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Stairofomu iliyofungwa ingemkinga kwa safari fupi. Iliyo wazi haikumkinga.

Kosa lilikuwa la muuzaji, tena la wazi: kaa hai na mzigo wa friza havipandi lori moja lisilo na vyumba viwili. Lakini hoteli haikulipwa hata senti. Mtunza stoo wa zamu ya usiku alisaini hati ya kupokelea yenye maneno "kamili na katika hali nzuri", akayaweka maboksi chumba cha baridi bila kuyafungua, yakafunguliwa asubuhi. Masharti ya muuzaji yalitaka dai ndani ya saa 4 tangu kupokea, pamoja na video inayoonyesha namba ya boksi, lebo ya kaa na mizani katika picha moja. Picha zilizopigwa asubuhi zilionyesha kaa watano kwenye meza ya chuma, lebo zimeshavuliwa. Hazithibitishi chochote, wangeweza kuwa wa oda ya wiki iliyopita. Karatasi ambayo ingeweza kuokoa dai ilikuwa kumbukumbu ya jotoridi ya lori, ambayo dereva huitoa akiombwa. Hakuombwa.

Kupokea kaa hai hakuhitaji zaidi ya nusu saa kwa maboksi 10, ilimradi kufanyike kabla ya saini. Fungua boksi, choma kipimajoto katikati ya kaa, andika nyuzi. Mshike kaa kwa nyuma ya gamba, umwinue. Mwenye nguvu hunyoosha miguu au huikunja kwa ukakamavu. Miguu ikining'inia, mtazame mdomoni, kwa sababu vile viungo vidogo vya mdomo ndivyo vya mwisho kuacha kucheza. Vikicheza yu hai lakini ni wa kupikwa saa hiyohiyo, haendi kwenye tangi. Visipocheza hata ukivigusa, amekufa. Hakikisha vifuko vya jeli havijamgusa moja kwa moja, na kwamba hakuna barafu iliyoyeyuka ndani ya boksi. Maji yasiyo na chumvi yakiingia kwenye matamvua humdhoofisha haraka.

Hesabu viungo, na uvihesabu kwa usahihi. Kaa mfalme huonekana na magando mawili na miguu sita tu. Jozi ya mwisho ni midogo na imefichwa chini ya gamba, kwenye chumba cha matamvua. Kuna mizigo imewahi kulalamikiwa kwamba "kila kaa amepoteza miguu miwili" na mtu aliyemzoea kaa koko. Lakini mguu ambao kweli umekatika ni hasara halisi, kwa sababu nyama yote ya maana imo miguuni, na mkataba uusemee.

Mpishi alitaka kuwachemsha wale watano ili wasipotee bure. Hapana. Kaa akifa, vimeng'enya vya tumbo na ini lake huanza kumla kutoka ndani, nyama ikawa uji, na bakteria huongezeka kabla hujasikia harufu. Tena hukujua alikufa saa ngapi. Dalili ya aliyechelewa kupikwa ni rangi ya buluu nyeusi begani na kwenye maungio, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Wafu hawatupwi pia kabla muuzaji hajawaona: watiwe mfuko na lebo zao, wagandishwe hadi dai liishe.

Waliobaki 35 walienda kwenye tangi, na hapo hoteli ilifanya vizuri. Maji yalikuwa na chumvi gramu 33 kwa lita, nyuzi 5. Kila kaa aliingizwa polepole akiwa ameinamishwa upande mmoja, kisha wa pili, ili hewa iliyonaswa kwenye matamvua itoke. Tangi halikujazwa, kwa sababu kaa aliyekaa nje ya maji hujilimbikizia amonia na huimwaga mara tu anaporudi majini. Sehemu ya maji ikabadilishwa ndani ya saa chache za mwanzo. Tangi lililojazwa kaa wote kwa mpigo na kuachwa hadi kesho yake ndilo hutoa wafu wa siku ya pili, na hao muuzaji hawajibiki nao.

Tukija kwenye uzito: ankara ilisema kilo 100, mizani ya hoteli ikasema 96. Kilo 4 hizo si wizi. Kaa hupimwa Norwei akiwa ametoka majini, na njiani maji humchuruzika. Swali ni nani anayelipia, na jibu limo kwenye neno moja la oda, yaani uzito wa wapi. Oda hii haikusema, kwa hiyo ankara ilifuata uzito wa kufungia. Ukitoa wafu, hoteli ilibaki na kilo 84 zilizo hai kwa euro 6,000, yaani euro 71 na senti kwa kilo badala ya 60. Kwa kuwa nyama ni takriban robo ya uzito wa kaa hai, hizo ni kilo 21 za nyama kwa euro 286 kila moja. Hata mzigo ungefika bila kasoro, ingekuwa euro 240. Kaa hai ni ghali kwa nyama siku zote, hununuliwa kwa ajili ya macho ya mteja aliyesimama mbele ya tangi. Anayemnunua ili amtie kwenye saladi amepotea njia.

Ndiyo maana katoni zilistahili kuangaliwa kuliko kaa hai, maana humo ndimo nyama nyingi ya hoteli ilimokuwa.

Siku tatu baadaye katoni tatu zilifunguliwa, moja ya juu ya rundo, moja ya katikati, moja ya chini. Klasta zilipimwa zikiwa na barafu yake: kilo 10 kila katoni. Kisha zikapitishwa chini ya mnyunyizo mwepesi wa maji baridi hadi kidole kisihisi barafu juu ya gamba, zikawekwa kwenye chekeche iliyoinamishwa kwa dakika 2, zikapimwa tena. Zilikuwa kilo 8.9. Kilo 1.1 ilikuwa koti la barafu. Kwa katoni 30 ni kilo 33 za maji yaliyolipiwa euro 50 kwa kilo, jumla euro 1,650.

Koti lenyewe si hila. Kaa aliyegandishwa bila hilo hukauka friza, nyama ikawa ya manjano na nyepesi kama sifongo. Tatizo ni katoni iliyoandikwa "kilo 10" bila kusema ni pamoja na barafu au bila. Viwango vya Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, vya kamba na kamba koche waliogandishwa vinataka uzito halisi utajwe bila koti la barafu, na mnunuzi wa kaa hana sababu ya kukubali pungufu ya hapo. Muuzaji alipoonyeshwa vipimo alilipa hizo euro 1,650 kwa hati ya punguzo la ankara. Katoni zilikuwa bado zimefungwa, namba za uzalishaji zinasomeka, kipimo kinaweza kurudiwa mbele yake. Dai la kaa aliyegandishwa lina subira ambayo la kaa hai halina.

Hasara kubwa zaidi haikurudi. Katoni hizo tatu zilipoyeyushwa na kumenywa, kila moja ilitoa kilo 4 za nyama, karibu asilimia 45 ya kilo 8.9. Gamba lililojaa hutoa kati ya asilimia 50 na 60, na hoteli ilikuwa imepanga bei ya menyu yake kwa 55. Pengo hilo pekee ni kama kilo 27 za nyama kwa mzigo mzima, thamani yake takriban euro 2,441. Ukijumlisha na barafu unapata zile 4,091. Kabla ya punguzo, nyama iliyotarajiwa kugharimu euro 91 kwa kilo iligharimu 125.

Miguu ilikatwa kwa mkasi katikati ya pingili ndefu inayofuata bega. Kadhaa zilikuwa na nyama iliyojitenga na gamba pande zote, laini, yenye maji. Hiyo ni alama ya kaa aliyevuliwa mapema baada ya kujivua gamba. Akishatoka kwenye gamba la zamani hufyonza maji, mwili unatanuka na gamba jipya hukakamaa juu yake. Ukubwa anao, ila nyama humchukua miezi kuijaza nafasi hiyo. Kaa aliye tayari ana gamba gumu lisilobonyea kwa kidole gumba, na tumboni ana mikwaruzo, rangi ya kahawia hafifu, pengine na viumbe vidogo vigumu vilivyojishikiza miguuni. Ni mchafu wa sura, na amejaa.

Sasa soma oda ya hoteli. Ilitaka "magamba safi, rangi nyekundu angavu, bila madoa wala mikwaruzo", kwa sababu klasta zilikuwa za kupangwa juu ya barafu kwenye meza ya bufee. Muuzaji alitimiza alichoambiwa. Sura aliyoagizwa ni sura ya gamba jipya, na gamba jipya ndilo tupu. Hakuna dai linalosimama hapo, na kwa maoni yetu muuzaji alikuwa na haki ya kukataa, ingawa mwenye uzoefu angempigia mteja simu kwanza.

Katika ukaguzi huohuo lebo nazo zilisomwa. Zilikuwa sawa, lakini kinachosomwa kina faida kukijua. "Kaa mfalme" peke yake haitoshi. Mwekundu ni Paralithodes camtschaticus. Wa dhahabu, Lithodes aequispinus, ana miguu myembamba na thamani ndogo. Wa kusini, Lithodes santolla, ni wa Chile na Argentina. Namba ya eneo la uvuvi la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, inasema mengine: 27 ni Norwei na Bahari ya Barents, 67 ni upande wa Alaska, 61 ni upande wa Kamchatka, Urusi. Katoni ya kaa mwekundu yenye neno Alaska na namba 61 idaiwe maelezo. Tarehe nayo ni shahidi. Uvuvi wa kaa mwekundu wa Bristol Bay, Alaska, ulifungwa misimu ya 2021/22 na 2022/23, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 2023, kwa hiyo kaa wa "Bristol Bay" aliyezalishwa Novemba 2022 hana maelezo mazuri. Eneo la 27 linachanganya Norwei na Urusi, hivyo jina la nchi na cheti cha afya cha Mattilsynet, mamlaka ya chakula ya Norwei, lazima viambatane. Kaa wa Urusi amezuiwa Marekani na Umoja wa Ulaya tangu 2022. Dubai hakuzuiwa, lakini hoteli yenye makao makuu Marekani inaweza kuwa na kanuni zake.

Oda iliyofuata iliandikwa upya, na maneno yaliyobadilika ni machache. Kaa hai: uzito wa malipo ni ule wa mlangoni mwa hoteli, bila vifuko vya jeli wala karatasi, wafu na waliopungukiwa viungo zaidi ya kimoja hawalipiwi, lori la nyuzi 2 hadi 5, lisilochanganywa na mzigo wa friza, na kumbukumbu ya jotoridi ikabidhiwe pamoja na hati. Kwenye hati muhuri wa hoteli sasa unasema "imepokelewa, inasubiri ukaguzi", na mzigo haupokelewi usiku kama hakuna wa kuukagua. Klasta: kilo 10 bila koti la barafu, koti lisizidi asilimia 10 juu ya hapo, nyama ijaze angalau asilimia 90 ya gamba kwa kukatwa pingili kumi za katoni tatu, madoa na mikwaruzo ya gamba yanakubalika. Bei ya klasta ilipanda hadi euro 56. Idara ya fedha ililalamika mpaka ilipoonyeshwa kwamba kilo 10 halisi zenye asilimia 55 ya nyama kwa bei hiyo ni euro 102 kwa kilo ya nyama.

Zilibaki katoni 27 za mzigo wa zamani. Ziligawanywa kwa mkono: klasta mbili za urefu sawa zikilinganishwa mizanini, nyepesi ndiyo tupu. Nzito zilikwenda kwenye sahani za kuuzwa nzima, zikayeyushwa kwa saa 24 kwenye friji ya nyuzi 0 hadi 4 juu ya wavu wenye trei chini, kisha zikapashwa kwa mvuke dakika 5 au 6 tu, kwa kuwa zilishapikwa kiwandani na kuzichemsha tena ni kuzikamua. Nyepesi zilimenywa zikiwa baridi, nyama ikaenda kwenye saladi na kujazia maandazi madogo ya mvuke, magamba yakachemshwa supu. Hazikuongezwa chumvi: klasta nyingi hugandishwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya chumvi, na yale yaliyoingia kupitia nyufa za gamba yanatosha.